Heko, Njiti ya Kiberiti

Nchi hii ina tabia ya kuwasahau wanaoitumikia kimyakimya. Mchezaji akifunga bao moja la maana, anaahidiwa kiwanja. Msanii wimbo wake ukivuma, anaalikwa kila jukwaa. Lakini yupo mtumishi mmoja, nyuma ya kabati la televisheni, kwenye vumbi na mende, anayeushikilia muziki wa nyumba nzima kwa kiuno chake chembamba, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kumtaja. Naizungumzia njiti ya kiberiti, ile iliyochomekwa nyuma ya spika ili waya usichomoke.

Siku hizi wamezuka watu wanaotaka njiti hii istaafishwe. Wanasema waya wa spika ufungwe plagi, kila ncha na plagi yake, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Wanasema kwa upole, na wengine wana elimu, ndiyo maana ni lazima wajibiwe.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana vijana wa leo wanaweza wasiukute. Waya wa spika ni nyaya mbili zilizogandana ubavu kwa ubavu, na kila mmoja ndani yake una kifungu cha nyuzi nyembamba za shaba. Unazitenganisha ncha, halafu unazimenya kwa meno. Wenye koleo la kumenyea wapo, ila jino la pembeni linajua unene wa plastiki bila kupimiwa. Likipitiliza, linaondoka na nusu ya nyuzi, na nusu iliyobaki inachukuliwa kuwa inatosha. Nyuzi zinalowanishwa kwa mate, zinasokotwa kwa kidole gumba na cha shahada, kisha zinasukumwa kwenye kitundu chenye kibonyezo cha plastiki. Ndani ya kibonyezo mna springi. Springi hiyo ilikuwa na nguvu siku spika ilipotoka dukani. Sasa imechoka, inamwachia kila anayekuja. Hapo ndipo njiti inapoitwa. Inavunjwa katikati, inaingizwa ubavuni mwa waya, inasukumwa kwa ukucha hadi ikatae kwenda. Muziki unarudi katikati ya neno, na sebule nzima inasema, "Haa! Hapo hapo, usiguse tena."

Wapinzani wa mpango huu wako wa aina kadhaa. Wa kwanza ni plagi ya banana, ambayo ina umri wa takriban miaka 100. Anayetajwa sana kuibuni ni Mjerumani Richard Hirschmann, mwaka 1924. Ni kipini cha chuma chenye upana wa milimita 4, kilichovishwa vibati vya springi vilivyotuna, ili kikiingia kwenye tundu kibane pande zote. Unakifunga kwenye waya mara moja. Ukihamisha spika unachomoa, ukifika unachomeka, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Ubaya wake uko hapo. Kazi anayoiweza mtoto wa darasa la tatu haimwongezei heshima baba mwenye nyumba.

Tena plagi hii ina rekodi ya kutiliwa shaka. Upana wake unalingana na wa pini za zile plagi ndogo bapa za umeme za Ulaya bara, kwa hiyo mtu asiye makini anaweza kuichomeka ukutani. Ndiyo sababu amplifaya zinazouzwa huko huja na vizibo vidogo vya plastiki kwenye matundu ya nyuma, na wapo wanaomaliza miaka bila kujua kwamba vizibo hivyo vinachomoka. Kwetu hatari hiyo ni ndogo. Soketi zetu za matundu 3 ya mstatili tulizirithi kwa Waingereza, ambao kiwango chao cha mwaka 1947 kiliweka vifuniko ndani ya matundu, vifunguke pale tu pini ndefu ya juu inapotangulia. Vifuniko hivyo, kama inavyojulikana, tulishavipatia dawa: unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, na plagi ya pini 2 inaingia bila ubishi. Watu waliowashinda Waingereza kwa kalamu hawawezi kubabaishwa na kitundu cha spika.

Mpinzani wa pili ni lagi yenye umbo la U, inayoingia chini ya kile kichwa cha kuzungusha na kukazwa kwa vidole. Hii haichomoki hata paka akipita na mkia wake. Wa tatu ni plagi ya pini nyembamba, iliyotengenezwa makusudi kwa vile vitundu vya kubonyeza ambavyo banana haiingii. Huyu ndiye wa kuchukiwa zaidi, kwa kuwa amekuja moja kwa moja kwenye kituo cha kazi cha njiti.

Wa nne ni Speakon, iliyotolewa na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein mwaka 1987 kwa ajili ya spika za majukwaani. Unachomeka, unazungusha kidogo, inajifunga, na haitoki mpaka uifungulie mwenyewe. Kabla yake, spika nyingi za majukwaani zilitumia jeki za inchi robo, ambazo zikichomolewa muziki ukiwa unapigwa ziliweza kugusanisha nyaya mbili na kuipeleka amplifaya kaburini. Watu wa Liechtenstein wakaona hilo ni tatizo, wakakaa chini, wakalimaliza. Ni nchi ndogo sana. Pengine hawana mafundi wengi wa kuwalisha.

Sisi tunao, na hii ndiyo faida ya kwanza ya waya usio na plagi: ajira. Kwenye kila ncha iliyosokotwa kwa vidole huwa kuna uzi mmoja mkaidi unaobaki nje. Hauonekani bila tochi. Unakaa miezi umetulia, halafu siku mtu anapofagia nyuma ya kabati, unavuka kutoka upande mwekundu kwenda upande mweusi. Hapo amplifaya haioni tena spika ya omu 8 iliyokuwa ikiisukuma. Inaona njia nyeupe, na mkondo wote unakimbilia huko. Amplifaya zenye ulinzi hujizima, zikawasha taa, zikasubiri mwenyewe aje. Nyingi za sebuleni kwetu hazikufundishwa kusubiri. Panasikika "pu", panatoka harufu, na kijana wa nyumba anatumwa kwa fundi na mashine imefungwa kwenye khanga.

Fundi anafungua skrubu, anapuliza vumbi, ananusa.

"Bosi, hii aisii imekwenda. Ilipiga shoti."

"Itapona, fundi?"

"Itapona. Wewe acha hela ya spea tu."

Hela ya spea inaachwa, na hapo uchumi unaanza kutembea. Mwenye duka la spea anauza aisii, bodaboda anaifuata, mama ntilie analipwa deni la juzi. Kesho saa nne unaambiwa uje jioni. Jioni unaambiwa umeme ulikatika. Mashine ikirudi nyumbani baada ya wiki, fundi amebadilisha kila kilichoungua, ila ncha za waya wako hajazigusa, wala hajakwambia neno juu yake. Wanaomlaumu hawajui kilimo. Zile ncha ni mbegu, na mkulima hali mbegu.

Faida ya pili ni mshikamano wa familia. Kwenye nyumba iliyofungwa plagi, mgeni anakaribishwa kochi, anapewa soda, anatoa simu yake na kuanza kuiangalia. Hana mchango. Kwenye nyumba ya njiti, mgeni hafiki kwenye soda kabla hajapewa jukumu. Spika ya kushoto ikikata, wote wanainuka. Mmoja anamulika tochi ya simu, mwingine anavuta kabati, wa tatu anaushika waya.

"Baba mdogo, sogeza kidogo kulia. Siyo hivyo. Hapo! Hapo hapo, usiondoe mkono."

Baba mdogo aliyekuja kwa shughuli ya mahari anakaa amechutama nyuma ya televisheni, mkono umenyooka, muziki unapita vidoleni mwake, na wakwe wanamwona jinsi alivyo mtu wa watu. Shemeji anayejua sehemu ya kupiga kofi kwenye boksi la spika anaheshimiwa kuliko shemeji mwenye gari. Nyumba za plagi haziwezi kutoa viongozi wa aina hii.

Faida ya tatu inawaendea majirani, na tunaifanya bila kudai shukrani. Ncha zisizo na plagi za rangi huingia popote zinapokuta nafasi. Spika ya kulia ikifungwa nyekundu kwa nyekundu, na ya kushoto ikafungwa kinyume, zote mbili zinalia vizuri tu, kila moja peke yake. Zikilia pamoja, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi, ambayo ni hewa nyingi inayosukumwa polepole, inafutika katikati ya chumba. Mwenye nyumba anaongeza sauti, anaongeza besi, anaongeza tena, na bado ngoma inasikika kama inapigwa kwenye bati. Anailaumu CD, anamlaumu mwimbaji, mwisho anazima. Nesi wa chumba cha pili aliyetoka zamu ya usiku anageukia ukuta na kulala.

Mafundi wa zamani wana njia ya kuiharibu neema hii. Wanachukua betri ya redio ya volti 1.5, wanachomoa waya wa spika kwenye amplifaya, wanagusisha ncha zake kwenye betri mara moja na kuachia. Karatasi ya spika ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ndiyo ya kwenda kwenye nyekundu. Ikizama ndani, ni kinyume. Wanaweka alama kwa kipande cha selotepu, wanafanya hivyo hivyo kwa spika ya pili, na kabla ya chai kwisha besi imerudi na usingizi wa nesi umeisha.

Faida ya nne inawahusu zaidi watu wa pwani. Shaba iliyo wazi ikikutana na hewa yenye chumvi, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, hupoteza mng'aro, ikawa kahawia, kisha ikaanza kuota ukoga wa kijani. Ukoga huo haupitishi umeme vizuri. Spika inaanza kukwaruza, sauti inakuja na kupotea, na dawa yake ni kuikata ncha iliyochakaa, kumenya upya na kusokota upya. Kila ukikata, waya unapungua. Wenye haraka hawaoni hekima iliyomo. Mwaka wa kwanza spika ziko pembe mbili za sebule. Baada ya masika kadhaa zimesogea karibu na dirisha. Baadaye zinakaribia televisheni. Familia nayo inasogea, makochi yanafuata, mpaka siku moja wote wamekaa kwenye mita chache za mraba, goti kwa goti, kama walivyokaa babu na bibi zao barazani. Plagi iliyopakwa dhahabu, madini yasiyoshika kutu, ingeiacha familia hii imetawanyika kwenye pembe zake.

Nikiri kwamba upande wa pili nao una watu wake wa ajabu, na wametusaidia sana. Huko Marekani ziliwahi kuuzwa nyaya za spika kwa maelfu ya dola, zikisifiwa kwa maneno ambayo kwa kawaida husikika kwenye mahubiri. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kuwaumbua walaghai, alisema dola milioni 1 za shindano lake zinamsubiri mtu atakayeweza kuzitambua nyaya za dola 7,250 kwa masikio tu, zikishindanishwa na nyaya za kawaida. Shindano hilo lilifungwa miaka kadhaa baadaye na hakuna aliyezichukua fedha hizo, kwa nyaya wala kwa jambo lingine lolote. Hesabu yenyewe haina siri. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule unaofunga taa, ukiwa na urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.23. Mbele ya spika ya omu 8 hicho ni kiasi ambacho sikio halihangaiki nacho.

Wapenda plagi huliruka somo hili kwa werevu. Wanasema: basi kama waya wa kawaida unatosha, fedha iliyookolewa itumike kwenye maungio, kwa kuwa ncha iliyolegea peke yake inaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko waya wote, tena unaopandashuka kila lori linapopita barabarani. Sisi tunasema: kama waya wa dola 7,250 ni upuuzi, basi kila kinachouzwa karibu na waya ni upuuzi. Wao wana hesabu, sisi tuna msimamo.

Msimamo huo nimeuona ukitetewa Kariakoo, na ilikuwa fahari kuushuhudia. Mzee mmoja alikuwa amemaliza kununua spika 2 kubwa, ndefu kufika kiunoni, na amplifaya yake. Alikuwa amehesabu noti mpaka kidole kikahitaji kulowanishwa upya. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akavuta droo na kuweka kaunta kipakiti cha plagi.

"Mzee wangu, chukua na hizi, ufunge kabisa. Bei yake haifiki hata chipsi mayai na soda."

"Za nini?"

"Za waya wa spika, mzee. Nyuzi zisije zikagusana, ukaunguza mashine."

Mzee akazitazama, akazipindua, akazirudisha.

"Kijana, mimi nimenunua muziki. Vyuma ninavyo nyumbani."

Akaondoka na mzigo wake juu ya mkokoteni, na waya wa bure wa kwenye boksi, ule mwembamba ambao mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, umezungushwa mkononi mwake. Hela iliyobaki alinunulia kitambaa cha kufunikia spika. Mtu anayejua vipaumbele humwoni mara kwa mara.

Sasa, ili muwatambue wapinzani wakianza kuwazunguka, nitaeleza wanavyofanya kazi zao. Kwanza wanachungulia nyuma ya amplifaya na ya spika. Wakikuta vichwa vya kuzungusha vyenye tundu katikati, wanachukua banana au lagi. Wakikuta vibonyezo, wanachukua pini. Hawanunui kwanza ndipo wachungulie, jambo linalowanyima safari ya pili ya mjini. Kisha wanamenya ncha kwa kisu au koleo, sentimita 1 au pungufu, kadiri plagi inavyotaka, wakihakikisha hakuna uzi uliokatika. Wanasokota kuelekea upande mmoja, wanaingiza nyuzi zote, hata yule mkaidi, wanakaza skrubu. Hawachovyi ncha kwenye risasi ya kulehemu kabla ya kukaza, kwa sababu risasi ni laini: ikibanwa na skrubu, baada ya muda inajipanga upya na skrubu inabaki imebana hewa. Baada ya hapo wanavuta waya kwa nguvu ya wastani waone kama unatoka. Wanafanya yote hayo mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa ukutani, woga ambao sisi hatuna. Plagi nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, spika zote 2 sawasawa. Mwisho wanarudisha kabati mahali pake.

Na kweli wanalirudisha, halafu hawalivuti tena. Hilo tulifikirie vizuri. Mtu huyo atasikiliza taarabu ya Ijumaa na mechi ya Jumapili, Krismasi na Idi, mwaka huu na ujao, bila kuinama. Hatamjua fundi kwa jina. Baba mdogo akija atakunywa soda. Njiti zake zote zitaishia kuwasha jiko, kana kwamba hazikuwa na uwezo mwingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba tuendelee kama tulivyo. Anayemudu spika za mamilioni anamudu pia njiti, na hakuna mpango wa muziki wa nyumbani wenye gharama ndogo ya kuanzia na kubwa ya kuendelea kama huu. Ila naongeza sharti moja, na naomba lizingatiwe. Haya yote ni kwa spika zako mwenyewe. Kama ni za kuazima, za kwaya, za madrasa au za kikundi cha akina mama, nunua plagi, zikaze, jaribu kwa kuvuta, na uzirudishe zikiwa nzima. Mali ya watu haichezewi.